Mgongo Wangu na Matabibu Wake

Nilikuwa nakoroga halua kwenye karakana yetu ya Mji Mkongwe pale mgongo uliponikatika. Nikabaki nimeinama juu ya sufuria, siwezi kupanda wala kushuka. Wenzangu walinibeba hadi nyumbani vilevile nilivyokunjika.

Daktari alitazama picha, akasema gegedu moja limechomoza kati ya pingili za uti wa mgongo, linabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.

"Kisu hukihitaji," alisema. "Utameza dawa za maumivu, kisha ufanye mazoezi."

Nyumbani kila mtu akawa tabibu. Mama, mtu wa Makunduchi, alinichua kwa mafuta ya karafuu mpaka chumba kizima kikanukia. Nililala kama mtoto mchanga. Asubuhi mguu ukawaka moto tena.

"Damu hiyo, shemeji," alisema kaka wa mke wangu, akanipeleka kupigwa chuku, nifyonzwe damu mbaya kwa vikombe. Nilirudi na mabaka ya mviringo mgongo mzima. Mke wangu alipoyaona alicheka akakaa chini.

"Nimeolewa na chui," akasema.

Siku ile nilijiona mwepesi kweli, ila wepesi wenyewe haukukaa.

Ndipo nikaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo aliyeniamkia "Shikamoo mzee", neno likaniuma kuliko mgongo. Alinilaza kifudifudi, akaniambia nisukume sakafu kwa mikono, kifua kiinuke, kiuno kibaki chini. Mama alipoyaona mazoezi hayo nyumbani alishika kichwa.

"Mwanangu mgonjwa mnamfanya mjusi?"

Lakini mjusi alipona. Maumivu yalihama mguuni, yakapanda kiunoni. Binti akasema hiyo ni dalili njema. Nikaendelea kila asubuhi, na usiku sikuyakataa mafuta ya Mama, maana raha yake haina mfano. Chuku nikamwachia shemeji.

Asubuhi moja niliinama nikafunga kamba za viatu. Nikazifungua, nikazifunga tena, nikamwita mke wangu.

"Tazama."

"Nitazame nini?"

"Viatu."

Alipiga kigelegele. Mama akatokeza jikoni, akasema yeye alijua zamani kwamba mafuta yatafanya kazi. Shemeji, aliyekuja kunywa chai, akasema ni chuku. Nikawaacha wanabishana, nikatoka nikatembea mpaka Forodhani bila shughuli yoyote, nikiwaamkia hata nisiowajua.