Kiti cha Pili cha Kamaldine

Kamaldine hakununua gari la viti viwili kwa kupenda mbio. Mtu anayependa mbio hakai Kasongo. Alilinunua kwa sababu alichoka kubeba watu, na hilo alilisema mwenyewe, tena mbele ya walewale aliochoka kuwabeba.

Gari lake la kwanza lilikuwa refu, la kupanda milima, la viti tisa. Lilikuwa lake kwenye karatasi tu. Binti wa mtaa akiolewa, lilimbeba bibi harusi na mashangazi zake wote. Mtu akizidiwa na homa, lilimbeba yeye, godoro lake na sufuria za wanaomuuguza. Mtu akifa, lilipeleka maiti makaburini na kurudisha waliokwenda kuzika. Mwezi wa mavuno lilibeba mpunga wa mjomba, kisha mpunga wa jirani wa mjomba. Kamaldine hakuweza kukataa, maana viti vilionekana na kila mtu mjini anajua kuhesabu hadi tisa. Ukikataa huku viti vipo, umejitangaza mwenyewe kuwa una roho mbaya. Na mnunuzi wa dhahabu mwenye roho mbaya, wachimbaji wa Salamabila humpita mlangoni wakaenda kupima mchanga wao kwa mwingine.

Basi siku moja yuko Bujumbura kwa shughuli zake, akaona gari jekundu limeegeshwa mbele ya hoteli. Lilikuwa fupi, pana, limelala chini, paa lake linafunguka kwa kubonyeza kidude, na ndani lina viti viwili tu. Akalizunguka mara tatu. Akapiga hesabu: kimoja changu, cha pili si cha mtu. Nani atakuja kuniomba nimbebee maiti humu? Akauza lile la viti tisa, akaongeza dhahabu ya miaka miwili, akalinunua. Kamaldine ni hodari wa mizani, lakini hapo hesabu ilimtoka vibaya sana, na aliyekuwa na wake wawili alikuwa yeye.

Gari lilifika Kasongo juu ya lori la Clovis, dereva wa njia ya Uvira, limefunikwa turubai na kufungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Safari ilikula wiki tatu. Mtaa mzima ulitoka kutazama likishushwa kwenye mbao. Clovis akapangusa jasho, akamtazama mwenye mali kwa huruma.

“Papa Kamaldine, hii motokari yako imepita Fizi, imepita Kabambare, imefika hapa bila kugusa chini hata mara moja. Sasa unaishusha ya nini?”

Watu wakacheka. Kamaldine naye akacheka, kwa kuwa bado hakujua kwamba alikuwa ameulizwa swali la maana.

Tusimwonee. Gari lilikuwa na faida zake. Lilipokaa uani limeoshwa, mtu aliyekuja kuuza gramu tatu za dhahabu alishusha sauti, hakubishana juu ya bei. Maofisa waliokuwa wakimwacha amesimama barazani walianza kumtafutia kiti. Mafundi walimwita Prezida. Na mwenyewe, akikaa ndani, paa limefunguliwa, mkono juu ya mlango, alijisikia ana miaka ishirini na mitano, ingawa kutoka humo alihitaji kujivuta kwa mikono yote miwili na kutaja jina la Mungu.

Kasoro moja ilikuwa barabara. Gari lilitaka lami, na lami Kasongo ni habari inayosimuliwa na wazee. Kati ya mashimo, mifereji na makorongo, Kamaldine alipata kipande kimoja kilichokubali tumbo la gari lake: kutoka langoni kwake hadi kona ya soko, mita kama mia sita. Hapo ndipo alipolimiliki. Alikwenda, akageuza, akarudi, mwendo wa maiti. Wasukuma baiskeli wenye bidoni nne za mawese walimpita huku wakimsalimu kwa adabu, na baadhi yao waliwahi kumuuliza kama anatafuta kitu alichoangusha.

Lakini si barabara iliyomnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni kile kiti cha pili.

Hawa, mke mkubwa, alikuwa naye Kasongo mwaka wa kumi na saba sasa, akiuza vikwembe, vile vitenge vya wanawake, sokoni. Sifa, mke mdogo, alikuwa Kabambare mwaka wa sita, na duka la chumvi na sabuni. Wanawake hao hawakuwahi kugombana, kwa sababu hawakuwahi kusemezana. Enzi za viti tisa, mambo yalikwenda. Mmoja akikaa mbele, mwingine yuko nyuma na mashangazi, na katika kelele na magunia hakuna aliyejali nani yuko wapi. Viti tisa vinaficha mengi. Kiti kimoja hakifichi kitu.

Hawa ndiye aliyeanza, jioni ileile gari liliposhushwa, akimwekea mumewe sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

“Baba Iliasi, mimi sina neno,” akasema. “Motokari ni nzuri. Ila siku ile Sifa atatangulia kukaa humo mbele yangu, mimi ninarudi kwa baba yangu, kule Nyangwe. Na sitarudi.”

Asubuhi simu ikalia kutoka Kabambare. Sifa hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

“Papa, nimesikia motokari iko na kiti moja tu ya bibi. Wakati ulikuwa na ile kubwa, ulinikalisha nyuma juu ya magunia, sikusema kitu. Lakini sasa kiti ni moja. Nataka nijue kama niko bibi ao niko gunia. Dada Hawa akitangulia, mimi nafunga duka, naenda kwa kaka zangu.”

Kamaldine aliijua sauti ya kila mmoja anapotania na anapokusudia. Wote wawili walikusudia. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliwapenda, na si kwa maneno ya barazani. Kwa Hawa ndiko alikolala usingizi wa kweli, kwa Sifa ndiko alikocheka mpaka akashika mbavu. Hakuweza kuwaza nyumba moja kati ya hizo imefungwa mlango.

Akaenda kwa shehe. Shehe akasikiliza mpaka mwisho, akikuna ndevu.

“Kwa usiku, ninajua: usiku kwa usiku. Kwa nguo, pia ninajua: ukimupa huyu mbili, na yule mbili. Lakini kiti kimoja, nani akitangulia, hiyo sijasoma. Kamaldine, uza hii kitu.”

Kamaldine akashukuru, akaondoka, akafanya kama hakusikia neno la mwisho.

Basi kiangazi chote aliendesha peke yake. Kiti cha pili kikawa wazi, na mji mzima ukakiona kuwa wazi. Akajaribu kukijaza kwa mfuko wa karatasi zake za kazi, akaufunga na mkanda. Wiki hiyohiyo wanawake wa sokoni wakaanza kuusalimia mfuko: shikamoo bibi mupya, umelalaje? Akauondoa.

Ikafika Maulidi. Kila mwaka siku hiyo waumini huandamana asubuhi hadi uwanjani, dufu mbele, wanawake nyuma wamevaa kikwembe cha namna moja. Sifa alikuja kutoka Kabambare nyuma ya motari, mwendesha pikipiki ya abiria, siku nzima ya vumbi na madaraja ya magogo, akateremka amejaa vumbi hadi kwenye kope. Akasalimia watu wote uani isipokuwa mmoja. Mmoja huyo naye akamwandalia maji ya moto ya kuoga, kwa mkono wa jirani.

Asubuhi Kamaldine akatoka na kanzu nyeupe, amejipaka manukato, na mpango kichwani. Wake zake walikuwa wamesimama barazani, huyu kwenye nguzo hii, yule kwenye nguzo ile, wamevaa sare.

“Nimefikiri,” akasema. “Hawa atapanda hapa mpaka kwenye ofisi ya kodi. Pale atashuka, Sifa atapanda mpaka kona ya soko. Nusu kwa nusu.”

“Kwa hiyo mimi niko wa kushushwa,” Hawa akasema. “Watu watamuona yeye akifika.”

“Na mimi niko wa kukalia kiti yenye joto la mwingine,” Sifa akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wale kukubaliana jambo, lakini Kamaldine hakuligundua. Alikuwa amekwisha kimbilia kwa mama yake, Mama Aicha, aliyekuwa anakunywa chai kwenye ngazi. Mama ni mama. Akipanda mama, nani atalalamika? Mama Aicha akalitazama gari toka taa hadi taa.

“Mutoto wangu, humo watu wanalala. Mimi siko mugonjwa. Nitaenda na miguu yangu.”

Akachukua fimbo yake akaenda. Nguzo za baraza nazo zikabaki bila mtu: Hawa alikuwa ametoka langoni kwa miguu, na Sifa nyuma yake, hatua kumi. Kamaldine akaingia garini, akajivuta, akawasha. Hasira ilimshika, na katika hasira aliamua kwamba leo atafika uwanjani, kona ya soko haitamzuia. Uwanja uko mbele ya kona mita mia tatu hivi.

Usiku wa kuamkia Maulidi mvua ya kwanza tangu kiangazi ilikuwa imenyesha. Alipopita kona, akiwa mbele kabisa ya maandamano, barabara ilionekana bapa na inang'aa, akaiamini. Gurudumu la kushoto likazama, tumbo likakaa chini kwa sauti ya sahani inayokwaruzwa, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Dufu nyuma yake zikaendelea kidogo, kisha nazo zikanyamaza. Barabara pale ni nyembamba, upande huu ukuta, upande ule mfereji. Maulidi ya Kasongo nzima ikasimama nyuma ya gari moja jekundu.

Kamaldine akatoka, akawaita vijana wasukume. Hakuna aliyesogea. Kiangazi kile chote alikuwa amemlipa mlinzi kwa kazi moja tu, ya kuhakikisha hakuna mkono wa mtu unaogusa rangi ya gari.

“Papa, wewe mwenyewe ulikataza mikono,” akasema mmoja kwa upole, na mikono yake akaikunja kifuani. Pale walisimama wengi waliowahi kubebewa wagonjwa wao, na wengi zaidi waliowahi kuambiwa kwamba viti ni viwili tu. Walimtazama kwa heshima kamili.

Ndipo umati wa wanawake ukagawanyika, Hawa na Sifa wakatokea. Bega kwa bega. Njiani Hawa alikuwa amepunguza mwendo, au Sifa ameongeza, hakuna aliyetaka kusema baadaye. Walikuwa wamepata la kuzungumza, na tangu langoni hadi pale hawakuwa wamelimaliza. Wakamtazama mume wao, kanzu imelowa tope hadi magotini, kofia imekaa upande. Wakatazamana.

“Motokari haiwezi kusukumwa bila mutu kushika usukani,” Hawa akasema.

“Na upande moja ikiwa na uzito peke yake, itapinda,” Sifa akasema, jambo ambalo si kweli kwa gari lolote duniani.

Hawa akaenda mlango wa kushoto, Sifa mlango wa kulia. Wakakunja vikwembe vyao, wakaingia, milango ikafungwa kwa mlio mmoja. Macho yote yalikuwa pale, na hata leo mashahidi wote wanasema neno moja: hakuna aliyetangulia. Lile ambalo shehe hakulisoma na Kamaldine hakulala kwa ajili yake miezi minne lilimalizika kwa sekunde mbili, na lilitaka jambo moja tu, mwenye gari awe nje.

“Baba Iliasi,” Hawa akaita, ametoa kichwa juu, paa likiwa wazi. “Watu wanangoja.”

Kamaldine akaenda nyuma, akaweka viganja juu ya rangi ile, akasukuma. Mara ya kwanza aliteleza akapiga goti. Mara ya pili wazee wawili wakamwonea haya wakamsaidia kuinua, gari likatoka shimoni, wakamwachia. Kutoka hapo barabara ilishuka kidogo, na gari lilikwenda kwa nguvu za Kamaldine peke yake. Dufu zikaanza tena. Mbele yake aliona vilemba viwili vya kitambaa kimoja, vikigeuka kulia pamoja, vikigeuka kushoto pamoja, mikono inapungia watu. Sifa alisema kitu, Hawa akacheka kicheko ambacho Kamaldine alidhani anakijua, kumbe hakuwahi kukisikia.

Hakuna atakayekwenda Nyangwe. Hakuna atakayefunga duka. Alilijua hilo katika mifupa yake, na furaha ikampanda mpaka machozi yakamtoka yakachanganyika na jasho. Wakafika uwanjani. Akasogea ubavuni akihema, akaweka mkono juu ya mlango, akatazama ndani. Kiti kimoja, Hawa. Kiti cha pili, Sifa. Akatazama tena, kama mtu anayetafuta alipoweka funguo.

“Basi,” akasema, “mutashuka?”

Wanawake wakaulizana kwa macho.

“Bado,” Sifa akasema. “Watu wa upande ile hawajatuona.”

Kamaldine akarudi nyuma ya gari, akakunja mikono ya kanzu, akasukuma.