Ng'ombe wa Ziada Siku ya Mahari

Aibu hii ningeenda nayo kaburini, lakini kwa vile nusu ya kwetu Uriri ilishaiona, hakuna cha kuficha tena, wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia ile ya sokoni (ambayo naambiwa imeongezwa chumvi mpaka hailiki).

Mnajua naishi Ujerumani na mume wangu Odhiambo, mtu wa Homa Bay, na binti yetu Atieno wa miaka mitatu. Mtoto tulimpata kabla ng'ombe hawajafika kwetu, na jambo hilo lilimkaa mama yangu rohoni, maana kila akienda kanisani alikuwa akiulizwa, kwa upole kabisa, wakwe walikuja lini. Basi wazee wa Odhiambo walipokubali kupeleka ng'ombe Uriri Jumapili moja mchana, mama akaalika watu, akawaambia mkwe wake ni mtu wa heshima, mpole, hata koti havui ovyo. Sisi tungetokea kwa simu tu, tusalimie.

Odhiambo alivaa suti tangu asubuhi. Lakini lori la ng'ombe likakwama Awendo nyuma ya trela la miwa lililopinduka, tukaambiwa tungoje, tukangoja, na nyumba za huku wakati wa baridi hupashwa moto mpaka unatoka jasho, basi mtu wangu akavua koti, akavua shati, suruali akaitundika isikunjike, akabaki na bukta. Atieno akaona nafasi ndiyo hiyo. Wana mchezo wao, jamani, ndio raha ya nyumba yetu: baba anakuwa ng'ombe, anatambaa kwa magoti na mikono, leso yangu inaning'inia nyuma ndiyo mkia, mkanda wa gauni langu shingoni ndiyo kamba, na mtoto anamchunga kutoka sebuleni hadi chumbani akicheka mpaka anashikwa na kwikwi. Mimi huacha kila kitu nikasimama mlangoni kuwatazama. Huku hatuna dana (ndivyo Atieno anavyomwita nyanya yake), hatuna shangazi, ni sisi watatu tu, na kicheko hicho hunisahaulisha theluji yote.

Simu ililia nikiwa jikoni, mikono imejaa unga wa chapati. Alikuwa mama. Nikadhani anataka kutuambia tuzidi kungoja, nikaipokea kwa kidole kimoja, nikampa Atieno, nikamwambia zungumza na dana, nanawa nakuja. Kosa langu ni hilo tu.

Nikamsikia mama akisema ng'ombe wameingia bomani. Na mtoto, kwa furaha:

"Dana, hata sisi tuko na ng'ombe! Kuja uone!"

Halafu vishindo vya miguu midogo kuelekea sebuleni. Nilikimbia na unga wangu, nikamkuta Odhiambo amefumba macho akilia "mooo" kwa moyo wake wote mbele ya simu, na kwenye kioo sikuona uso wa mama, niliona hema, viti vya plastiki, kofia za wazee na vitambaa vya akina mama, wote wametukodolea macho. (Ndugu yangu alikuwa ameunganisha simu na televisheni, wakaitoa nje ili kila mtu amwone mkwe. Hakuniambia.) Niliganda. Kwetu mkwe hata kula mbele ya mama mkwe ni shughuli, sembuse huyu mapaja yote nje, na mkia juu yake.

Mama alijifunika uso kwa kitambaa akaingia ndani. Kisha baba yangu mkubwa akasimama na fimbo yake, akawageukia wageni wa Homa Bay taratibu.

"Wakwe zetu, huyu ako na kamba kwa shingo, naye mmetuletea, ama ni wa kurudi?"

Kicheko kilichofuata sikukisikia chote, nilikata simu. Odhiambo alikaa sakafuni na mkia wake, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mama aliona. Nikaangua kilio. Ng'ombe walipokelewa na watu wakala, lakini mama hakupiga simu siku hiyo wala wiki hiyo, na mimi niliogopa kumpigia, maana nilimwaibisha siku aliyoingoja miaka.

Mwishowe akatuma ujumbe wa sauti. Nilijifungia bafuni kuusikiliza.

"Nyathina, mwanangu, nimekasirika sana. Lakini nilikuwa nalala nikijiuliza huko mbali mtoto anachezeshwa na nani. Sasa nimeona. Ambia baba Atieno nimemkubali. Na avae suruali."

Tangu siku hiyo simu haishikwi na mtoto, na ng'ombe wetu huchungwa akiwa na suruali, hata nyumba iwe na joto namna gani.