Onyo Lililomtisha Bibi Hadija

Muzdalifa alijifunza kompyuta kwenye steshenari ya shemeji yake pale Kibiti, akichapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Mwalimu wake alikuwa udadisi tu. Wakulima wa Mloka walipoanzisha kikundi cha kulinda mashamba na kutengenezewa tovuti na fundi wa Dar es Salaam, walimkabidhi yeye aiendeshe. Mkulima akiona tembo anapiga picha kwa simu, anajaza fomu, anatuma. Walinzi wa kikundi wanakimbilia huko na madebe na firimbi.

Mwezi wa kwanza taarifa zilimiminika. Wa pili zikakauka. Muzdalifa akampigia Bibi Hadija, ambaye mwanzoni haikupita wiki bila kutuma.

"Shikamoo, bibi. Mbona kimya? Tembo wamehama?"

"Marahaba, mwanangu. Wahame waende wapi? Juzi wamenilia mahindi robo eka. Ila mie situmi tena. Nimeonywa."

"Umeonywa na nani?"

"Na serikali! Nikituma tu, linatokea limstari jekundu: Onyo. Mara tatu nimeonywa, ya nne si nitafungwa?"

Muzdalifa aliuma mdomo asicheke. Akatuma taarifa ya kujaribu kwa simu yake mwenyewe, na kweli, mstari mwekundu huo: "Onyo: picha ndogo ya 2041 haikutengenezwa." Taarifa ilikuwa imefika salama, mtambo ulikuwa unamlalamikia fundi tu, lakini ukilalamika mbele za watu.

Fundi alipopigiwa alisema picha atazishughulikia wiki ijayo. "Kwa sasa weka plagini, kijiprogramu cha nyongeza, ya kuficha ujumbe. Unaiandikia maneno usiyotaka yaonekane, basi."

Muzdalifa akaiweka, akaandika kwamba kila kinachoanza na "Onyo" kifichwe. Akajaribu. Wekundu umetoweka! Akapiga makofi peke yake dukani.

Haikupita saa, simu ikaita. Alikuwa Mshamu, kiongozi wa walinzi kule Mloka.

"Dada, fomu imegoma! Nabonyeza kutuma, inanirudishia ileile, wala haisemi kitu."

"Umejaza jina la kijiji?"

"Aa. Sijajaza."

Kumbe ameziba mdomo wote! Hata lile onyo la kumkumbusha mtu aandike kijiji lilikuwa limefichwa. Akafuta alichoandika, akaweka sentensi nzima ya onyo la picha, neno kwa neno. Akatuma taarifa nyingine, onyo likarudi, kwa kuwa kila taarifa ina namba yake na sasa ilikuwa 2043. Atazifukuza namba ngapi?

Akasoma maelekezo ya plagini polepole, kidole kwenye kioo, mpaka akakuta kwamba nukta ikifuatwa na nyota husimama badala ya maneno yoyote yale. Akaziweka pale palipokuwa na namba. Akatuma picha moja, ya pili, ya tatu. Kimya! Akaacha kijiji wazi makusudi: onyo likatokea, kama linavyotakiwa. Akaona pia kisanduku cha kuficha ujumbe kwa wageni tu, akakibofya, ili yeye aendelee kuuona na fundi asije akasahau deni lake la picha.

"Bibi, tuma bila hofu," alimwambia Bibi Hadija. "Hakuna wa kukufunga."

Kesho yake asubuhi, taarifa ikaingia: tembo wanne, shamba la mtoni. Picha imetikisika, lakini masikio yale hayafichiki. Muzdalifa alisimama, akaketi, akasimama tena, mpaka Mshamu alipopiga na kuinua simu juu asikie madebe yanavyolia na watu wanavyopiga kelele.

"Wamegeuka! Dada, wamegeuka kabla hawajagusa hindi!"

Nyuma yake Bibi Hadija alikuwa akigombania simu, akaipata. "Mwanangu, safari hii limekuja la kijani! Limeandika 'Taarifa imepokelewa, asante.' Nimeshukuriwa mie!"

Muzdalifa alicheka mpaka mteja aliyekuja kutoa fotokopi akamuuliza kulikoni. Alipomaliza kumhudumia, akafungua tena tovuti, akalitafuta lile onyo la kijiji, akaandika upya: "Tafadhali, tuambie uko kijiji gani ili tukufikie."