Jibu Moja la Wadi ya Watoto

Nilipelekwa Lamu nikiwa nimetoka tu chuoni, niisaidie wadi ya watoto ya hospitali moja kupata nembo ya ubora. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtoto wa kisiwani anastahili uangalizi uleule anaoupata mtoto wa mji mkuu, na kwamba nembo hiyo, ikitolewa kwa haki, ni ahadi kwa mama yake.

Kila asubuhi nilipita kitanda hadi kitanda nikiwauliza akina mama. Mwanao amelala vizuri? Alhamdulillahi. Na chakula? Alhamdulillahi. Una lalamiko lolote? Alhamdulillahi. Mimi ni mtu wa bara; ilinichukua muda kutambua kwamba neno hilo halikuwa likinijibu mimi. Lilinipita, likaenda juu.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi alisimama kando ya bibi mmoja wa kijiji cha Mbwajumali aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake mwenye nimonia.

"Bi, umeelezwa dawa anayopewa mtoto?"

"Alhamdulillahi."

Mkaguzi akatia alama ya vyema. Hicho ndicho kipengele kilichokuwa kimebaki, na bila hicho nembo haitolewi. Muuguzi mkuu, aliyeisubiri tangu kabla sijafika, akashusha pumzi.

Nikasema, "Samahani. Bibi anamshukuru Mungu. Hajasema kwamba ameelezwa."

Mkaguzi akamgeukia tena. Ni dawa gani?

"Ya sindano. Nyeupe."

Na inatibu nini?

"Si nyinyi ndio mwajua?"

Alama ikafutwa.

"Hongera, Bwana Ubora," muuguzi mkuu aliniambia mkaguzi alipoondoka. Lilikuwa jina langu la utani. Mpaka siku hiyo walikuwa wakiniita hivyo wakicheka. "Twende tukatundike ukweli wako mlangoni, pale palipongoja nembo."

Alasiri hiyohiyo aliingia wadini na vichupa vya dawa mkononi, akaketi na kila mama, akaeleza, akauliza, akaeleza tena. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Hakugeuka. Tangu siku hiyo chai ya wauguzi ilinywewa bila mtu kuniita, na mazungumzo yalikatika nilipopita. Nikaanza kunywa yangu peke yangu nyuma ya wadi, nikitazama mashuka madogo yakikauka kambani. Nilijipima kwa dhati, wala sikuona nilipokosea. Hilo halikunipunguzia upweke hata kidogo.

Bibi aliporuhusiwa kwenda nyumbani na mjukuu wake, alipita hapo akanikuta.

"Ile dawa, jina lake nalijua sasa," akasema, akalitamka vipande vipande, mtoto akimcheka begani. Kisha akanitazama. "Na weye, mwanangu? U nti ya watu, mbali na kwenu. U hali gani?"

"Alhamdulillahi," nikajibu.

Akatua kikapu chake chini, akaketi kando yangu na kumpakata mtoto.

"Haya," akasema. "Sasa nijibu mimi."