Nilivyoweka Vitabu Kwenye Rafu ya Magonjwa

Jamani, nichekeni tu! Juzi Mwalimu Chepkoech alinivika beji ya monita wa maktaba, cheo nilichokililia tangu Form One. Akanipa vitabu vipya kuhusu watoto ambao akili zao hufanya kazi kivyao. Mimi, daktari wa kujiteua, nikavipanga kwenye rafu ya "Magonjwa", kando ya kipindupindu.

Mwalimu akaviona mbele ya Form Two nzima.

"Haya daktari, tusomee dalili."

Nikafungua kitabu kimoja, nikapaza sauti: "Hatulii kitini. Hudakia maneno. Huanza kazi kumi, hamalizi hata moja. Hupoteza sweta kila wiki..."

Darasa likalipuka: "Kiprotich! Si ni wewe!"

"Kumbe mgonjwa ni monita wangu," akasema Mwalimu, mkono ukielekea beji yangu. "Sasa tukulaze hospitali ya Longisa, ama utavihamishia rafu ya 'Watu'?"