Saa ya Ungo

Wanu binti Massoud hakuwa mwalimu wa kuajiriwa na mtu. Hakuwa na cheti, ubao wala chaki. Alikuwa na ua wa makuti nyuma ya nyumba yake pale Pongwe, na ndani ya ua huo, mwaka wa hamsini na nne, walikaa watoto kumi na wanne juu ya majamvi, wengi wao wasichana, watoto wa vibarua wa machimbo ya mawe ya chokaa na wa mashamba ya mkonge. Shule ya misheni ilikuwa mbali na imejaa, na baba mwenye nafasi ya kumsomesha mtoto mmoja humpeleka wa kiume. Wa kike wakabaki kuchota maji. Wanu aliwaona wakipita na ndoo asubuhi na jioni, mwaka mzima, mpaka akachoka kuwaona.

Yeye alikuwa mtu wa Pemba, aliyeletwa huku na ndoa. Mumewe Uweso, fundi mwashi, alikufa kwa homa wakiwa hawajajaaliwa mtoto. Watu wa Pongwe, na ulimi hauna mfupa, walisema amekusanya watoto wa wenzake kwa sababu hakuzaa wake. Ilikuwa kweli, na Wanu hakujisumbua kuikanusha.

Jambo ambalo hakulivumilia ni watoto kuimbishwa maneno wasiyoyajua. Kwake kila kitu kilipita mikononi kwanza. Kuhesabu kulikuwa kwa kokwa za ukwaju. Herufi ziliandikwa kwa kidole kwenye sinia la majivu, na aliyekosea alitikisa sinia akaanza upya bila kuchapwa. Mizani ilikuwa vifuu viwili vya nazi na kamba ya katani, na watoto waligombana asubuhi nzima juu ya jiwe moja, kama ni sawa na kokwa ishirini au ishirini na moja. Nusu na robo walijifunza kwa mkate wa kumimina. Kila mtu alitaja kipande anachokitaka, akapewa hichohicho alichokitaja. Aliyesema robo kwa kudhani robo ni kubwa kuliko nusu alikula robo yake kwa machozi, na hakurudia kosa hilo maisha yake.

Tena kulikuwa na saa. Tuseme mapema ili mtu asije akadai amefichwa: saa hiyo ndiyo iliyompeleka Benedikta kaburini.

Benedikta alikuwa binti wa Luka, Mngoni aliyetoka Songea kwa mkataba wa kazi, Mkatoliki wa kupiga magoti kweli. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye maswali yasiyokwisha. Mama yake, Praxeda, alikuwa mgonjwa wa kifua, hivyo kupika na kumpelekea baba chakula machimboni ilikuwa kazi yake pamoja na mdogo wake Bertha, wa miaka sita. Wanu hakuwa na mtoto mpendwa, ndivyo alivyosema. Lakini ukoko wa mkate uliobaki katika sufuria kila siku ulikuwa wa Benedikta.

Saa yenyewe ilikuwa ungo. Wanu aliuchora kwa masizi, akaandika namba moja mpaka kumi na mbili kuzunguka ukingo, na katikati akafunga njiti ya ufagio kuwa mshale. Pembeni alisimika kijiti mchangani. Watoto walitazama kivuli cha kijiti, wakasema ni saa ngapi, kisha mmoja akasogeza mshale kwenye ungo. Kivuli kikiwa kirefu upande wa machweo, saa moja, mshale kwenye moja. Kivuli kikijikunja miguuni, saa sita, mshale chini kwenye sita. Jua likizama, mshale juu kabisa, kumi na mbili. Hivyo ndivyo alivyofunzwa yeye. Baba yake, Mzee Massoud, alikuwa na saa ya ukutani kule Pemba, na kila adhana ya magharibi alipanda kiti akairekebisha mishale iseme kumi na mbili. Saa na ulimi vilisema neno moja. Wanu alikua akiamini kwamba dunia nzima iko hivyo.

Uweso ndiye aliyemwambia kwamba sivyo. Alirudi siku moja kutoka kazini, stesheni ya mjini Tanga, akacheka: saa ya pale mchana wa jua la utosi inaonyesha kumi na mbili. Wazungu wanahesabu kutoka usiku wa manane. Wanu naye akacheka. Baadaye, alipoanza darasa, lilimjia mara mbili tatu kwamba watoto wanapaswa kuambiwa. Akaliahirisha. Alisema moyoni, watachanganyikiwa, waache kwanza waishike hii moja, wakikomaa nitawaonyesha ya pili. Wengi wetu tumesema hivyo juu ya mambo mengi, na hakuna aliyekufa.

Benedikta hakutosheka na ungo wa mwalimu. Aliomba ungo uliotoboka wa mama yake, akaukokota hadi uani, akajichorea saa yake mwenyewe. Namba ya nane aliiandika imelala. Wanu alimwambia, "Iamshe hiyo, mwanangu, mchana huu." Mtoto akacheka, akaifuta kwa mate, akaiandika upya, ikalala tena.

Sasa, machimboni baruti ililipuliwa nyakati mbili. Siku nyingine saa sita mchana, watu wakiwa mapumzikoni ng'ambo ya shimo. Siku nyingine saa kumi na mbili jioni, wakishatoka. Kwenye mdomo wa njia ya mkato inayopita kando ya shimo palisimamishwa ubao uliochorwa uso wa saa, na mshale mmoja wa bati. Kila asubuhi nyapara Ernesti aliusogeza mshale kwenye saa ya mlipuko wa siku hiyo. Ubao ulifuata saa ya ofisini, saa ya Kizungu. Vibarua hawakuusoma sana, kwa sababu hapohapo alisimama mzee Mjaka na bendera nyekundu, na Mjaka hakuhitaji kusomwa. Mtoto akikaribia wakati wa baruti, anafukuzwa.

Wiki ile Mjaka aliondolewa akapakie malori. Meneja alisema ubao unatosha.

Ilikuwa Jumatano. Benedikta na Bertha walifika mdomoni mwa njia, mkubwa na sufuria kichwani, mdogo na kibuyu cha maji. Filimbi ilikuwa imekwisha kulia, lakini filimbi ya mapumziko na ya baruti ilikuwa ni hiyohiyo moja. Bertha aliogopa, akasema wamngoje Mjaka. Benedikta alitua sufuria, akatazama ubao, kisha akatazama miguu yake. Akamwambia mdogo wake abaki kivulini yeye afike mara moja, maana chakula kinapoa.

Jiwe lililompata halikuwa kubwa.

Wanu alikwenda msibani siku zote tatu, akakaa jikoni na wanawake, akachambua mchele. Desturi za Wakatoliki hakuzijua, ila mchele ni mchele. Siku ya tatu Bertha alikuja akamkalia mapajani, akaanza kusema bila kuulizwa, kama wasemavyo watoto.

"Mimi nilimwambia tumngoje Mjaka wa bendera. Dada akasema bado, ati mshale uko kumi na mbili, na kivuli kiko miguuni, basi ni saa sita. Baruti ni jioni."

Mikono ya Wanu ilisimama ndani ya mchele. "Mshale ulikuwa wapi, mwanangu? Juu au chini?"

"Juu. Kama kwenye ungo."

Wanu aliomba njia, akatoka, akachuchumaa peke yake nyuma ya jiko. Wanawake walisema ni huzuni.

Usemi wa wazee ni kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu alilelewa vizuri mno. Aliambiwa atazame kabla ya kupita, akatazama. Alifundishwa kupima kivuli, akapima. Hakukosea hata kidogo, na hilo ndilo lililomtafuna Wanu kuliko kama mtoto angekuwa mzembe.

Juma lililofuata alikuja Bwana Polisi kutoka Tanga kusikiliza shauri kwenye baraza ya ofisi ya machimbo. Luka alipita kwa Wanu asubuhi ile, macho mekundu, amebeba ule ungo uliotoboka.

"Bi Wanu, shikamoo."

"Marahaba, Luka."

"Wanataka kuandika kwamba mwanangu alikuwa hajui saa. Kwamba alikuwa mtoto wa porini tu, akapita ubao kama mbuzi. Mimi sidai kitu. Lakini hilo lisiandikwe. Njoo uwaambie alijua."

Wanu alivaa buibui lake. Tangu afike Pongwe hakuwahi kukanyaga machimboni. Si mahali pa mwanamke wa heshima zake. Mdomoni mwa njia aliuona ubao kwa mara ya kwanza, namba zake nyeupe, mshale umeelekea juu. Alisimama mpaka Luka akamwita.

Barazani karani alisoma karatasi, akatafsiri huku na huku. Luka akainua ungo. "Saa hii aliitengeneza mwenyewe. Mwalimu wake yule pale. Mwulizeni kama hakujua saa."

Karani akatafsiri. Bwana Polisi akasema maneno machache, na karani akayageuza bila kumtazama Luka: "Anasema kama alijua saa, basi aliuona ubao akaukaidi. Itaandikwa alikuwa mkaidi."

Luka alishusha ungo. Hakuwa ameliona shimo hilo. Mjinga au mkaidi, mtoto alitakiwa awe kimoja, na meneja alikuwa tayari kwa chochote kati ya hivyo viwili.

Wanu alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Aliutazama ungo, akaiona ile nane iliyolala, akasimama.

"Hakuwa mjinga wala mkaidi," alisema. "Alisoma saa kama nilivyomsomesha. Nilimfundisha kwamba mshale ukiwa juu ni magharibi, jua linazama. Ndivyo saa ya baba yangu ilivyo. Yenu ikiwa juu ni mchana. Aliutazama ubao wenu akaona baruti ni jioni. Kosa ni langu. Na yule mlinzi wa bendera alikuwa wapi siku ile?"

Karani alitafsiri yote isipokuwa swali la mwisho. Nyapara Ernesti, aliyekuwa amesimama nyuma, alilisikia vizuri, akainamia viatu vyake. Kalamu ya Bwana Polisi ilikwenda kasi kuliko mwanzo. Ikaandikwa kwamba mtoto alipotoshwa na mwalimu asiye na kibali, na kwamba darasa lile lifungwe tangu siku hiyo. Meneja akaagiza chai.

Nje, Luka alimfuata Wanu mpaka kwenye kifusi cha mawe. Aliongea taratibu.

"Ulijua kwamba kuna saa mbili?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Uweso yuko hai."

Luka aliukumbatia ungo kifuani. "Nilitaka isiandikwe kwamba alikuwa mjinga, na haikuandikwa. Kwa hilo nakushukuru. Lakini sikusamehe, Bi Wanu. Usinitumie watu waje kuniomba."

Hakumtumia mtu. Wazazi waliwachukua watoto wao, wengine kwa matusi, wengine kwa aibu. Vifuu, kokwa na sinia vilibaki uani vikanyeshewa mvua. Ungo wake mwenyewe Wanu aliusugua kwa mchanga mpaka masizi yakatoka, akapepetea mpunga.

Mjaka hakurudishwa kwenye bendera. Ubao unatosha, ilisemwa tena. Basi ikawa kila siku, kabla ya saa sita, mjane yule anafunga mlango wake, anatembea mpaka mdomo wa njia, na kusimama mbele ya ubao akiwa ameshika kanga nyekundu. Jioni vilevile. Hakumwomba mtu ruhusa. Vibarua walimwita mwehu, kisha wakazoea. Luka alipita mbele yake kwenda kazini na kurudi, na hakumsalimia.

Praxeda alizidi kuugua, na watu lazima wale. Mwezi wa tatu baada ya mazishi Bertha alikuja peke yake, sufuria kichwani ikimlemea. Wanu alikunjua kanga, akaziba njia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tua mzigo."

Mtoto akatua. Akatazama ubao, akatazama miguu yake, kama alivyomwona dada yake akifanya. Kisha akamgeukia Wanu.

"Mwalimu, hii sasa ni saa ngapi?"

Wanu alijua. Alizijua saa zote mbili, ya baba yake na ya ofisini, na angeweza kuzipanga pale mchangani kwa kokwa na kijiti, na mtoto akaelewa kabla chakula hakijapoa. Alimwona jinsi anavyongoja, uso wote umefunguka, tayari kuamini chochote atakachoambiwa, kama dada yake.

"Sijui," alisema. "Kaa hapa unishike mkono, mpaka usikie mlio wa baruti."