Stesheni Iliyokuwa Ikinionesha Mjukuu Wangu

Mpira wenyewe sikuuelewa hata siku moja. Wamarekani wanauita mpira wa miguu, nao wanaukamata kwa mikono na kuangushana kama watu wanaogombana. Lakini mjukuu wangu anasoma Marekani, na stesheni moja ya michezo ilikuwa ikionesha mechi za vyuo, chake kikiwamo. Basi kila Jumamosi baada ya isha, hapa Ibra, Omani, mimi na bibi yake tukikaa na kahawa na tende, tunawatazama watazamaji, tukimtafuta yeye. Bibi yake alimshonea kofia ya viua, kazi ya Unguja ile, miezi mizima inamla mtu macho, akamwambia, "Uivae uwanjani, tukuone."

Mara mbili tulimwona. Mara ya pili alikuwa anapiga kelele, mdomo umejaa chakula. Bibi yake akaruka: "Yule! Mtazame, hana hata haya!"

Msimu huu mechi hazipo. Stesheni kubwa zilipandisha dau, yetu ndogo ikashindwa, haki za kuonesha zikaenda kwa wenye nguvu, na dishi letu haliwashiki.

Mjukuu kanipigia. "Shikamoo babu. Usihuzunike, si tunaonana kwenye simu kila Ijumaa?"

"Marahaba, baba. Alhamdulillahi, tunaonana."

Kweli tunaonana. Lakini kwenye simu ananitazama mimi, keshachana nywele, anatabasamu, kila nikimuuliza huko vipi, ni kuzuri. Mimi natamani kumwona yule wa uwanjani, asiyejua kama babu yake anamwona.